Kisutu Kwenye Kiti cha Mheshimiwa

Nimewahi kuililia serikali ya nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Mume wangu hanielewi mpaka leo. Yeye husema mtu aliyezaliwa Mombasa, akauona wizi wa wakubwa wa kwao tangu anajifunza kutembea, hana haja ya kwenda kuazima wakubwa wa Ufilipino ili apate wa kumkasirisha. Ana haki ya kusema hivyo. Lakini yeye hakukiona kile kiti.

Miaka hiyo nilikuwa nikifanya kazi kwenye nyumba moja ya wazee kule Walthamstow. Nilikuwa nimeingia London katikati ya miaka ya tisini, tukapanga Ilford, na kila asubuhi nikipanda basi la 123 kwenda kuwaosha, kuwavisha na kuwalisha wazee wa watu. Wengine waliniuliza kila siku nimetoka wapi, nami kila siku nikawajibu upya. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili wakaanza kuletwa wauguzi wa Kifilipino, na mmoja wao akawa rafiki yangu. Kwao dada mkubwa huitwa Ate, basi nikamwita hivyo ingawa tulikuwa karibu rika moja, naye nikamfundisha kuniita Dada. Wenzetu wa Kiingereza walidhani hayo ndiyo majina yetu tuliyopewa na wazazi, na hatukujisumbua kuwasahihisha.

Ate alikuwa na mama. Mama huyo alipigwa na kiharusi kabla binti yake hajaja Uingereza, miguu ikakataa kabisa. Aliishi katika mji mdogo wa mkoani, mbali na Manila, na kila Jumapili majirani wawili walimbeba hadi kanisani akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mmoja ameshika huku na mwingine kule. Majirani wakiwa na shughuli zao, hakubebwa, akabaki dirishani kusikiliza kengele. Ate alinisimulia mambo haya tukiwa tunatandika vitanda, na hakuwa mtu wa kulialia, lakini hapo sauti ilimbadilika.

"Mimi kutwa nasukuma mama za watu kwenye viti vya magurudumu," aliniambia, "na wangu anabebwa kama gunia la mchele."

Kwa hiyo alichokitaka London hakikuwa kingi. Alitaka kiti cha magurudumu kimfikie mama yake, aende kanisani bila kumpigia mtu magoti. Hicho ndicho kilichomtoa kitandani asubuhi, na baada ya muda kikawa kinanitoa na mimi.

Kila Mfilipino niliyemjua London alikuwa na boksi. Ni boksi kubwa la karatasi ngumu, mtu mzima anaweza kuchutama ndani yake, nalo hukaa pembeni mwa chumba miezi mingi likijazwa kidogo kidogo: sabuni, shampuu, taulo, viatu, chokoleti, nyama ya kopo. Likijaa huzungushiwa utepe wa gundi mpaka karatasi haionekani, kisha hupakiwa melini. La Ate lilikaa kwenye kona ya chumba chetu cha kupumzikia kwa sababu chumba alichopanga kilikuwa hakitoshi hata yeye. Meneja wetu alilalamika wiki ya kwanza, kisha akawa anaweka kikombe chake cha chai juu yake.

Kilichonishangaza ni namna lilivyopangwa. Juu kabisa, mahali ambapo mimi ningeweka nguo ili vitu visivunjike, Ate aliweka kahawa ya chupa, makopo ya nyama na pakiti za sigara. Nikamuuliza kwa nini vitu vizuri vikae juu.

"Hivyo si vya nyumbani," akasema, kama ananieleza dawa ya mgonjwa. "Hivyo ni vya wakubwa wa bandarini. Wakifungua wanakuta chao kiko juu, wanachukua, wanafunga. Usipowawekea, watachimba."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kwetu mtu hupenyeza chai ya mkubwa kwenye kiganja, tena kwa kuangalia huku na huku. Wenzetu hawa walikuwa wameshaikatia na nafasi yake kwenye mzigo. Kila boksi lililotoka London lilikuwa na tabaka lake la wakubwa, na watu walilinunua sokoni pamoja na zawadi za watoto wao bila hata kununa.

Kiti tulikipata kwa msiba. Bibi mmoja wa ghorofa ya kwanza alifariki, na watoto wake walipokuja kuchukua vitu vyake walisema kiti hawakihitaji, kitupwe au kigawiwe. Meneja akampa Ate. Kilikuwa kiti chepesi, cha kukunja, magurudumu yake bado mazima. Kasoro yake ilikuwa moja tu, mkono wa kulia ulichanika na sponji likawa limetoka nje. Nikauchomoa mkono ule nikaenda nao nyumbani kwa basi, nimeupakata mapajani, watu wakinitazama.

Nilikuwa na kisutu, ile leso ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo kila mwanamke wa pwani anaijua hata aione upande wa pili wa barabara. Nilipewa na mama yangu nilipoolewa. Pande lake moja nilikuwa nimeliunguza kwa pasi na nimelihifadhi kwa uchungu tu, sikulivaa wala sikulitupa. Nikakata sehemu nzima ya pande hilo, nikaushonea mkono wa kiti, nikavuta uzi mpaka kitambaa kikakaza kama ngoma. Mume wangu akaniuliza tangu lini nimekuwa fundi wa viti. Ate alipouona aliupapasa kwa kidole, akaniambia mama yake atadhani ametumiwa kiti cha malkia.

Basi boksi likiwa karibu kujaa, serikali ya kwao ikaanza kuyumba. Rais wao alituhumiwa kula, tena kula kwa mapana, na watu wakamiminika barabarani kule Manila. Simu ya Ate ikawa inatetemeka mfukoni mwa sare kutwa nzima kwa ujumbe wa ndugu na marafiki. Mama yake alikuwa amempigia kura rais huyo kwa sababu, alisema, alizungumza kama mtu aliyewahi kulala na njaa. Ate alitaka aondoke, tena siku hiyo hiyo. Siku moja akathubutu kuchukua rimoti sebuleni, wazee wakiwa katikati ya kutazama snuka, ule mchezo wa mipira ya mezani, akaweka habari. Tukauona umati, kichwa juu ya kichwa, na mtangazaji akasema rais ameondoka na makamu wake anaapishwa. Mzee mmoja akaanza kupiga kelele arudishiwe snuka yake. Ate alikuwa amesimama katikati ya zulia, analia.

Nami nikalia. Sikuwa nikililia Manila peke yake, nisijisingizie wema. Kwetu wakati huo rais alikuwa yule yule tangu mimi mtoto wa shule, na nilikuwa nimeshakata tamaa ya kuona watu wa kwetu wakimfungulia mkubwa mlango na kumwambia sasa basi. Kumbe inawezekana! Nilimkumbatia Ate pale pale, mzee wa snuka akitulaani.

Siku iliyofuata nilimkuta amepiga magoti mbele ya boksi. Anatoa kahawa. Anatoa makopo, anatoa sigara, anavipanga mezani.

"Vipi tena?" nikamuuliza.

"Nchi mpya, Dada," akasema, na uso wake ulikuwa umeng'aa. "Siwalishi tena. Wakifungua, wakute kiti cha mama yangu na aibu yao."

Nilimpigia makofi. Ningefanya nini kingine? Tulipanga kiti juu kabisa, kimekunjwa, magurudumu yametolewa yakawekwa ubavuni, kisutu kikichungulia. Nje ya boksi Ate akaandika kwa herufi kubwa jina la mama yake na mahali anapoishi, na kwamba ndani mna kiti cha mgonjwa asiyeweza kutembea. Kahawa ya wakubwa tukainywa sisi, kazini, kwa furaha, na hata meneja akasifu ladha yake.

Meli ya maboksi yao huchukua miezi miwili hivi, lakini Ate alikuwa akiisubiri kama mtu anayesubiri basi, anachungulia kila saa. Miezi ikapita. Akawa ananunua kadi za simu sokoni Walthamstow, zile za kukwangua kwa sarafu, anapiga nyumbani wakati wa mapumziko. Kwanza wakala wa mizigo akasema meli imechelewa. Kisha akasema boksi lipo bandarini. Kisha akasema kuna tatizo la karatasi. Kaka yake Ate akafunga safari hadi Manila, akaambiwa kiti ni kifaa cha hospitali na lazima kiwe na kibali. Alipopata kibali akaambiwa afisa wa kukitazama yuko semina. Semina ya nini? Ya maadili ya kazi. Naapa hivyo ndivyo alivyoambiwa.

"Lakini si mmepata serikali mpya?" nikamuuliza Ate.

"Tumepata," akasema.

"Na huyo bosi wa bandari?"

Ate alikuwa anamkatia mzee kucha, hakuinua kichwa. "Ni yule yule. Kaka amemwona kwa macho yake. Siku rais alipoanguka na yeye alikuwepo barabarani, kwenye umati, kashika bango. Wakampa na cheo zaidi."

Mtu huyu nilikuwa nimemlilia! Huenda nilimwona kwenye televisheni, kichwa kimoja kati ya vile vichwa, nikamwombea dua. Nilikwenda nyumbani nikamsimulia mume wangu huku navunja mayai ya chakula cha jioni kwa hasira, nusu ya maganda yakaingia bakulini.

"Wewe shift yako iko London," akasema mume wangu, "lakini presha yako iko Manila. Utakufa kwa serikali si yako, mke wangu."

"Kwani yetu ina nafuu gani?"

"Haina. Lakini angalau hiyo ukikasirika una passport yake."

Binti yetu aliyezaliwa huku, ambaye husikia Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza kitupu, akauliza kwa nini huyo bibi hanunuliwi tu kiti kule kule. Nilimweleza kwamba kule kiti kama kile ni mshahara wa mtu, tena wa miezi, na kwamba Ate alikuwa tayari anasomesha watoto wa kaka yake. Nikamweleza pia kwamba kiti si cha kununuliwa tena, kilishapatikana, ni chao, kiko mahali fulani kwenye chumba cha mtu mwenye funguo. Sidhani kama alinielewa. Mtoto wa London hudhani kitu kikiwa chako basi utapewa.

Wakati boksi limelala huko, zamu yetu ikaja. Kenya ikafanya uchaguzi, wale wa miaka nenda rudi wakaangushwa, na kwa wiki kadhaa watu wa kwetu walikuwa kama walevi wa furaha. Dada yangu alinipigia kutoka Mombasa akaniambia abiria wanamshika polisi anayeomba chai na kumpeleka kituoni wenyewe. Nilicheza jikoni kule Ilford nikiwa na aproni. Nilipofika kazini Ate alikuwa ameshasikia, akanikumbatia kama nilivyomkumbatia yeye, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Na wale wa zamani wamekwenda wapi?"

Nikafikiri kidogo. "Wengine," nikasema, "wamo kwenye baraza jipya la mawaziri."

Tuliangua kicheko mpaka meneja akaja kutazama kuna nini. Kilikuwa kicheko kibaya, kile kinachoacha kifua kinauma. Haukupita muda mrefu dada yangu akanipigia tena kuniambia chai imerudi, na bei yake imepanda.

Ate hakutaja tena boksi. Kaka yake alikuwa ameambiwa mwishowe kwamba halionekani. Mama yake alibebwa kwenye kiti cha plastiki miaka hiyo yote, na mmoja wa wale majirani akahamia mjini, kwa hiyo zikawa ni Jumapili chache tu. Kila mara niliposukuma kiti cha mzee kwenda bafuni nilikuwa nakiwaza kile, na nilikuwa nakasirika upya. Kwao yule makamu aliyeapishwa kwa machozi yetu naye alikuwa ameanza kuandamwa, na watu wale wale waliomweka wakawa wanamwimbia aondoke. Ate alipoona habari hizo sebuleni hakusimama. Aliwaachia wazee snuka yao.

Halafu siku moja akaingia kazini anakimbia, hata koti hajalivua. Alikuwa na picha. Mama yake amepata kiti!

Kulikuwa na uchaguzi mkoani kwao, akanieleza akihema, na mheshimiwa mmoja wa pale, mgombea, alikuwa akiwagawia wagonjwa viti. Akamfuata mama yake mpaka mlangoni, bila kuombwa, na msafara na bendi. Nikaichukua picha. Mama mdogo wa umbo, amevalishwa shada la maua, anacheka meno yote nje. Nyuma yake mwanamume mwenye shati la rangi ya chama, mkono umemkalia mama begani. Ubavu wa kiti umepakwa rangi na kuandikwa jina la mwanamume huyo, kubwa, lisipite jicho la mtu. Na chini ya kiwiko cha kulia cha mama, nyekundu, nyeusi na nyeupe.

Ningeweza kunyamaza. Mtu mwenye hekima angenyamaza. Mimi nilisema papo hapo, tena kwa sauti: "Ate! Hiki ni kiti chetu!"

Akacheka, kisha akaitazama picha, kisha akaivuta karibu na macho. Alikaa juu ya kiti cha kwanza alichokipata. Muda wote alipoitazama ile picha alikuwa anaangalia uso wa mama yake, hakuangalia kiti.

Kaka yake aliulizia, na haikuwa kazi ngumu, maana kule kila mtu anajua na hakuna anayesema. Bosi wa bandari na mheshimiwa walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Vitu vya maboksi yaliyopotea vilikuwa vikihifadhiwa mpaka msimu wa kura. Na kama nilijiuliza ilikuwaje kiti kikafika kwenye mlango ule ule uliokusudiwa, jibu lilikuwa juu ya boksi, kwa mwandiko wa Ate: jina la mgonjwa, na mahali anapoishi. Hawakuhitaji kumtafuta mtu wa kumpiga naye picha. Tulikuwa tumewaandikia.

Nilimwambia ampigie mama yake leo hii. Nilimwambia mambo mengi, sikumbuki yote. Amwambie mama yake kiti ni cha binti yake, kilitoka Walthamstow, kilishonwa na Muislamu wa Mombasa, na huyo mheshimiwa ni mwizi na asimpe kura hata ya kuchunga mbuzi. Ate akakubali. Akakwangua kadi, akapiga, nami nikakaa pembeni yake kwenye chumba cha kupumzikia kama wakili wake.

Aliamkia, akauliza hali, akavuta pumzi ya kusema. Mama yake akamtangulia. Nilisikia ile sauti nyembamba ikitiririka kutoka kwenye simu, ya furaha, haimezi mate. Ate akafungua mdomo mara kadhaa, akaufunga. Mwisho akasema maneno machache ya kwao, kwa upole, akakata simu ikiwa bado kadi ina salio.

"Umemwambia?"

"Hapana."

"Kwa nini, Ate?"

Akawa anaikunja kunja ile kadi. "Anakwenda kanisani kila siku sasa, si Jumapili tu. Picha ya yule bwana ameiweka ukutani, pamoja na watakatifu wake. Ameniambia: mwanangu, miaka yote hii uko London na hukuweza kuniletea kiti. Mtu baki ameweza."

Nikaichukua ile kadi mkononi mwake kabla haijakatika.

"Anakisifu kitambaa cha mkono wa kiti," Ate akaendelea, bila kunitazama. "Anasema lazima mke wa mheshimiwa ndiye aliyekishona. Ule mkono wa pili nao umeanza kuchanika. Anauliza kama huku London naweza kumtafutia kitambaa cha namna ile."

Nilirudi Ilford kwa basi la 123 nikiwa nimeuma meno njia nzima. Nilimtukana mheshimiwa yule kwa Kiswahili chote ninachokijua, kimoyomoyo, kituo baada ya kituo. Nilimtukana na mke wake, ambaye labda hana kosa. Nilipofika sikumsalimia mtu. Pande bovu nilikuwa nimeshalimaliza kwenye ule mkono wa kwanza. Nikafungua sanduku la nguo, nikatoa pande zuri la kisutu changu, lile lisiloungua. Mume wangu akasimama mlangoni, akaniona na mkasi, akaniacha.

Kitambaa kilikwenda na boksi lililofuata, kimekunjwa vizuri, kati ya taulo na viatu. Juu yake Ate akapanga kahawa, makopo ya nyama na pakiti za sigara, nami nikamshikia utepe akafunga.